Singo Isiyofika Damuni

Kazi yangu ni ukungwi. Niliurithi kwa shangazi yangu pamoja na kinu kidogo cha kutwangia singo, ambacho kwa kutumika kimelainika ndani kama kiganja cha mtoto. Hapa Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Ngamiani, mtu akiwa na mwari wa kuwekwa ndani jina langu halikosi kutajwa. Liwa, karafuu, mawaridi makavu, mrehani, manjano kidogo, na marashi ya kuchanganyia. Namsinga mwari asubuhi na jioni kwa siku saba, na siku akitoka, nzi akimtua anateleza.

Haya ninayoyasimulia yalimpata mmoja wa wari wangu. Jina lake silitaji, maana mji wetu ni mdogo na midomo haina pazia. Mwenyewe ameniruhusu nisimulie kwa sharti moja, kwamba nisiifiche sehemu yangu. Basi naanza na sehemu yangu.

Aliletwa kwangu na mama yake, harusi ikiwa imebakiza miezi miwili. Binti mrefu, mcheshi, muuzaji katika duka la vitambaa. Gauni lilikuwa limekwisha shonwa Dar es Salaam, na fundi alilibana makusudi kwa kuwa mwenyewe alitaka hivyo. "Somo, lazima niingie," akaniambia. Nikacheka, nikamwambia ataingia tu.

Ili aingie, akaanza kujinyima. Asubuhi chai ya rangi na nusu andazi. Mchana dukani, chai ya rangi tena na kachori moja. Usiku wali vijiko vitatu na mchuzi wa kuchovya, nyama anamwachia mdogo wake. Mchicha hakuutaka, eti unajaza tumbo. Na ndani ya mkoba wake, pembeni ya poda, palikuwa na kifuko cha udongo, vile vipande vya kijivu vinavyouzwa sokoni, vyenye harufu ya mvua ya kwanza. Siku moja nilimkuta anamega kipande kwa meno ya mbele, taratibu, kama anayekula kashata. Nikamkemea kwamba ataharibu meno. Katika yote niliyoyaona, lililonishughulisha ni meno.

Wazee wetu walikuwa na neno: safura. Mtu aliyepauka, anayehema akipanda ngazi, anayetamani udongo, walisema ana safura. Hata minyoo inayonyonya damu ndani ya utumbo tunaiita minyoo ya safura mpaka leo. Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni tangu utoto, lakini siku hiyo halikunijia, kwa sababu mwari wangu alipopauka, mimi niliona ameng'ara. "Mashallah, amekuwa mweupe," walisema mashangazi zake walipokuja kumtazama. Wakaisifu singo yangu, nami nikapokea sifa.

Nikamfundisha yote niliyofundishwa. Kufukiza udi, kupika pilau isiyoshikana, kuishi na mawifi, kujua lini aseme na lini anyamaze, na mambo ya chumbani ambayo hayaandikwi. Habari za mtoto nilizimaliza kwa maneno mawili: "Mungu akijalia." Siku ya harusi gauni lilimwingia, likabaki na nafasi ya vidole viwili.

Mimba haikukawia. Siku zake zilipopita tarehe, alidhani ni uchovu wa shughuli. Alipokuja kujua, ilikuwa na miezi miwili. Akaniambia mimi na mama yake tu, nami nikampa usia ule ule niliopewa zamani: mimba changa haitangazwi, husda ni nyingi, subiri itokeze ndipo uende kliniki. Akanitii. Akaenda imetimiza miezi mitano, ilhali wataalamu wanataka mama aonekane kliniki kabla ya wiki 12 kwisha.

Walimtoboa kidole, damu ikasoma nane. Kwa mjamzito, kipimo kikishuka chini ya 11 huo tayari ni upungufu, na kikishuka chini ya saba ni hatari ya kumkimbiza mtu hospitali. Alipewa vidonge vya Fefo, vile vya madini ya chuma na foliki, akapewa na dawa ya minyoo, akakatazwa udongo. Akameza bila kukosa hata siku moja. Miezi miwili baadaye damu ilikuwa imepanda hadi kumi. Tukashukuru, tukajua tumewahi.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye nywele nyingi na sauti kali. Mkunga alipomgeuza akanyamaza. Juu kidogo ya kiuno palikuwa na uvimbe laini, ngozi yake nyembamba kama utando wa kitunguu, maji yakionekana ndani. Mikono ilikuwa inapiga hewa, lakini miguu imelala. Mkunga akaufunika uvimbe kwa shashi safi iliyoloweshwa, kisha akasema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia yakiwa pamoja: mgongo wazi. Siku ya tatu tulikuwa njiani kwenda Dar es Salaam, katika taasisi ya mifupa pale Muhimbili, MOI, ambako watoto wa namna hii hufanyiwa upasuaji.

Nyuma yetu maneno yakaanza kutembea. Upande wa mume walisema mke ana nuksi. Upande wa mke walisema ametupiwa kijicho siku ya harusi, kwa lile gauni. Mimi kabla ya kuondoka nilichoma ubani nyumba nzima, hata chooni.

Wodini alikuwapo muuguzi mmoja wa makamo ambaye lafudhi yake ilinionyesha kuwa ametoka pande za Pangani. Nikamvuta kando. "Mwanangu, hebu niambie ukweli. Ni kitu gani kimemfungua mtoto mgongo?"

"Mama, hakuna kilichoufungua," akanijibu. "Haukufungwa."

Akaona sijaelewa. "Unajua kufunga sambusa?"

Nikamtazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua kujifunga khanga.

"Manda inaanza ikiwa bapa," akasema. "Unaikunja, kingo zinakutana, unapaka ule uji mzito wa ngano, zinashikana. Ukisahau kona moja je?"

"Nyama inamwagikia kwenye mafuta."

"Basi ubongo na uti wa mgongo huanza hivyo hivyo. Ni utando bapa unaojikunja, kingo zikakutana na kushikana juu hadi chini, ukawa mrija. Kazi hiyo inakwisha siku ya 28 tangu mimba itunge. Sasa niambie, siku ya 28 mama anakuwa anajua?"

Nikahesabu kwa vidole. Siku ya 28 tangu mimba itunge ni kama wiki mbili tu baada ya hedhi kupita tarehe yake. Mwari wangu alikuwa bado ana mabaki ya hina viganjani. Wakati namwambia afiche mimba, mgongo ulikuwa umekwisha pitwa na siku yake ya kufungwa. Na zile Fefo za mwezi wa tano zilimwongezea damu mama, jambo jema sana, lakini kona ya sambusa zisingeweza kuirudia.

"Na ule uji wa ngano ni nini?" nikauliza.

"Tuseme ni foliki. Ni vitamini katika jamii ya vitamini B. Seli zinapogawanyika kwa kasi zinaihitaji sana, na hakuna kasi kama ya mimba changa. Iko kwenye mboga za majani, maharage, choroko, kunde, dengu, maini, machungwa, parachichi. Ila akiba yake mwilini ni ya miezi michache tu. Mtu akijinyima, ghala linapungua, na mimba haiulizi ghala lina nini."

"Kwa hiyo angekula vizuri, mtoto angekuwa mzima?"

Hapo ndipo nilipomheshimu, maana hakunidanganya. "Hilo siwezi kukuapia, mama. Wapo wanaokula vizuri na yakawapata, wapo wanaojinyima wakazaa salama. Kuna ya kurithi, kuna sukari ya mama ikiwa juu wakati mimba inatunga, kuna dawa za kifafa kama valproate. Lakini hatari inapungua, na inapungua sana. Mwaka 1991 Waingereza walitoa majibu ya utafiti uliofanyika katika nchi saba. Wanawake waliokwisha zaa mtoto mwenye tatizo hili walipewa foliki kabla ya kushika mimba nyingine, na hatari ya kurudia ikashuka kwa asilimia 72."

Mwari wangu alikuwa amekaa kitandani, mtoto kamlaza kifudifudi mapajani. Alikuwa amesikia yote. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sista, kwa hiyo mimi ndiye niliyemkosea mwanangu?"

"Hukumkosea," muuguzi akasema. "Hukuambiwa."

Hukuambiwa. Na aliyekuwa na siku saba za kumwambia alikuwa amesimama pale pale, chupa ya chai mkononi.

Niliporudi Tanga sikugusa kinu kwa muda. Nilikwenda zahanati ya mtaani kwetu nikakaa na wauguzi, nikauliza kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaambiwa mwari wangu hakuwa peke yake. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015-16 uliwakuta wanawake 45 katika kila 100, wenye miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Karibu nusu ya wari ninaowasinga, basi, wanakuja kwangu na safura, nami naipaka liwa juu yake.

Tangu hapo nimebadili mafunzo. Singo ni zile zile siku saba, lakini mafunzo yanaanza miezi mitatu nyuma, na yanaanzia jikoni.

Kwanza nilianza na mkono wangu mwenyewe. Mchicha nilikuwa naukata, naukatakata tena, ndipo nauosha, nauchemsha mpaka unalegea, kisha naukamua yale maji ya kijani nayamwaga. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha. Kumbe foliki inayeyuka katika maji na inaharibiwa na moto mrefu. Nilikuwa nampa mwari makapi, dawa naipa beseni. Sasa naosha majani yakiwa mazima, nakata, natia katika tui lililokwisha chemka, nageuza mara mbili tatu, naipua yakiwa bado na rangi. Kisamvu tu ndicho kisichotaka haraka. Hicho ni lazima kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa sababu kibichi kina sumu.

Pembeni ya mchicha kuna maharage au choroko, na dagaa au samaki. Maini mara moja kwa wiki yanatosha, na mimba ikishatunga nawaambia wayapunguze wasiyale ovyo, kwani vitamini A ikizidi nayo humdhuru mtoto. Ndimu inakamuliwa juu ya chakula, au chungwa linamenywa baada ya kula, maana ukali wake unausaidia mwili kuyavuta madini ya chuma yaliyo katika majani na kunde. Chai inafanya kinyume chake. Chai ya rangi sambamba na chakula inayazuia yale madini yasiingie mwilini. Sijamkataza mtu wa Tanga chai, nani atanisikia? Nasema tu isubiri saa moja baada ya kula.

Chumvi iwe yenye madini joto, kwa ajili ya ubongo wa mtoto. Unga nao una habari yake. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliwataka wenye viwanda vikubwa waongeze virutubishi katika unga wa ngano na wa mahindi, chuma na foliki vikiwamo. Lakini sembe ya mashine ya mtaani kwa kawaida haina nyongeza hiyo, na ndiyo inayoliwa na wengi wetu. Kwa hiyo ugali peke yake usihesabiwe kuwa umemaliza kazi.

Hata hivyo wauguzi walinionya kwamba chakula kizuri kinaweza kisitoshe. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke ameze foliki mikrogramu 400 kila siku, kuanzia anapotaka kushika mimba hadi wiki ya 12. Kidonge kinapatikana duka la dawa, ila vipo vya nguvu mbalimbali, hivyo asichukue chochote anachopewa dirishani. Amwonyeshe mhudumu wa afya kwanza. Aliyekwisha zaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kubwa zaidi, na hiyo huandikwa na daktari.

Nawapeleka pia kupima: wingi wa damu, sukari, presha, kaswende, virusi vya Ukimwi, selimundu. Mwenye kisukari au kifafa namwambia asiache dawa zake kwa kuogopa, na asishike mimba kimya kimya. Aende kwa daktari wake kabla, labda dawa itabadilishwa. Mwenye kutamani udongo simkemei tena habari za meno. Tamaa ile mara nyingi ni damu inayoomba msaada, na udongo wenyewe unazidi kuyafunga madini yasiingie mwilini. Napima, natibu minyoo, navalisha viatu hata kwenda uani, kwa sababu minyoo ya safura huingilia nyayoni.

Mkorogo nao nimeupiga marufuku chumbani kwangu. Wapo wanaokuja na vikopo visivyo na maandishi ya kueleweka, wanataka nichanganye na singo ili wang'are upesi. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, na zebaki hupenya ngozi ikaingia damuni, na kutoka kwenye damu ya mama inamfikia mtoto. Anayetaka mkorogo atafute kungwi mwingine.

Na gauni je? Gauni lishonwe kwa kipimo cha mtu, mtu asikatwe kwa kipimo cha gauni. Aliyenenepa kupita kiasi apunguze taratibu, kwa miezi, akiwa anakula. Aliyekonda aongeze. Kujiua kwa njaa wiki nane kabla ya fungate ni kwenda safari ndefu bila akiba ya chakula.

Bwana harusi naye simwachi barazani. Mbegu ya mwanamume inachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo sigara na pombe za leo zimo katika mbegu za miezi ijayo. Nimekwisha waita mabwana harusi kadhaa na wajomba zao nikawaambia hayo uso kwa uso. Wengine walicheka. Nikawaambia mtoto hana upande wa mama peke yake.

Mwari wangu, yule wa kwanza, hakuharakisha mimba ya pili. Alisubiri miaka miwili na nusu, na kabla ya kuacha uzazi wa mpango alikwenda kwa daktari akaandikiwa foliki ya dozi kubwa. Miezi mitatu nilimwona akimeza kila usiku baada ya isha, kidonge kimoja na glasi ya maji. Udongo aliuacha. Chai aliiweka saa nne asubuhi, mbali na vyakula vyake. Damu yake ilikuwa 12 na nusu kabla mimba haijatunga.

Alipojifungua nilikuwepo. Mkunga akanikabidhi kichanga kikiwa bado na utelezi. Kabla sijaangalia ni wa kike au wa kiume, nilimgeuza mgongo. Nikapitisha kidole kuanzia kisogoni hadi kiunoni, pingili moja baada ya nyingine. Pote pamefungwa. Ndipo nikamgeuza mbele nikaona ni mwanamume.

Dada yake sasa yuko darasa la pili. Anatembea kwa magongo. Mama yake humtoa mkojo kwa mpira mdogo safi mara kadhaa kila siku, na amemfundisha mwalimu wake wa kike afanye hivyo saa za shule. Hesabu anaziweza kuliko kaka zake wa mtaani, na mdomo wake unakata kama wembe. Hakuna anayesema tena kwamba ni nuksi, angalau yeye akiwa karibu.

Juzi alikuja dada mmoja na binti yake. Harusi wiki tatu zijazo, wanataka singo ya haraka ya siku tatu, watalipa zaidi. Binti kang'ara kweli kweli. Mama mtu akasema kwa fahari, "Mwone alivyokuwa mweupe, hata hujaanza."

Nikamwambia binti asogee dirishani, penye mwanga. Nikamvuta kope la chini kwa kidole gumba, nikatazama ndani yake, mahali panapotakiwa kuwa pekundu. Palikuwa peupe kama karatasi.

Nikafunika kinu, nikatafuta viatu vyangu.

"Tunakwenda wapi, somo?" binti akauliza.

"Zahanati."

"Na singo?" mama yake akadakia.

"Liwa haiozi," nikamwambia. "Itatukuta."